Kanisa Lisilo na Kanuni Lina Mwenyewe

Hapa Umoja hakuna mtu ananunua maji bila kuuliza yametoka wapi. Mkokoteni ukisimama chini ya gorofa, swali la kwanza si bei. Swali ni: haya ni ya kanjo ama ni ya kisima? Maji ya chumvi yanaharibu chai, maharagwe hayaivi, sabuni haitoi povu. Hata mtoto wa gredi ya tatu aliyetumwa na mtungi anajua kuonja kwanza.

Jumapili asubuhi watu hao hao wanapanda ngazi hadi orofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, wanaingia kanisa lililofunguliwa Februari. Wanamsikiliza mtu wasiyejua alifundishwa na nani, anawajibika kwa nani, wala anaamini nini hasa. Halafu wanameza kila kitu. Hapo hakuna anayeonja.

Hoja yangu ni moja na nitaisema mapema, ili kama unataka kukasirika uanze sasa. Kanisa ambalo limetupa Kanuni ya Imani, ile Nasadiki ambayo mashosho wetu waliikariri wakiwa wamesimama wima, halijawa kanisa huru. Limekuwa kanisa lenye mwenyewe. Kanuni bado ipo, ila imo ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na anaweza kuibadilisha Ijumaa usiku kwenye kesha bila kumuuliza mtu.

Najua jibu la watu wangu, nalisikia kila wiki. "Sisi hatuna dini, tuna uhusiano." "Sisi hatufuati mapokeo ya wanadamu, sisi ni Biblia tu." Inasikika vizuri, hata kwa unyenyekevu. Lakini Biblia ya Waprotestanti ina vitabu 66 na ya Wakatoliki ina 73. Hakuna anayevihubiri vyote kwa mpigo. Lazima mtu achague aanzie wapi na akazie nini, na uchaguzi huo ndio kanuni yake. Pasta anayeanzia Malaki 3 kila Jumapili ana kanuni: Mungu ni mkusanyaji wa fungu la kumi. Anayeishi ndani ya Ufunuo 13 ana kanuni pia: shetani yuko kwenye kitambulisho chako. Tofauti yao na shosho yangu ni kwamba kanuni ya shosho imeandikwa, ni fupi, na anaijua kwa moyo. Ya hawa utaijua ukishazama.

Watu wa Shakahola walikuwa na Biblia. Hilo hatulisemi vya kutosha. Aprili 2023, makaburi ya msitu ule wa Kilifi yalipoanza kufukuliwa, nchi nzima iliuliza kuhusu njaa, kuhusu polisi, kuhusu ardhi. Miili ilipita 400, na watoto wengi miongoni mwao. Paul Mackenzie amekana mashtaka, na kesi niiachie mahakama. Lakini mahubiri yake hayakuwa siri. Yalikuwa kwenye runinga na kwenye intaneti kwa miaka: shule ni ya shetani, hospitali ni ya shetani, Huduma Namba ni alama ya mnyama. Aliyahubiri akiwa na Biblia mkononi, kwa watu waliokuwa na Biblia mapajani.

Na kabla hujaniambia dawa ni serikali, kumbuka kwamba kanisa lake lilikuwa limesajiliwa. Usajili ulifutwa baada ya makaburi. Yeye mwenyewe alikuwa amekamatwa zaidi ya mara moja kabla ya hapo na kurudi uraiani. Jopokazi la Kasisi Mutava Musyimi lilimkabidhi Rais ripoti yake Julai 2024, na tangu hapo tumekuwa tukibishana kuhusu vyeti na leseni. Mwaka 2025 miili mingine ikafukuliwa Kwa Binzaro, Kilifi hiyo hiyo. Cheti kinamwambia msajili kwamba kanisa lipo. Hakimwambii mama aliyeketi kiti cha plastiki kama anachofundishwa ni Ukristo.

Sasa ichukue ile Kanuni fupi, Imani ya Mitume, inayosemwa chini ya dakika moja. Ipitishe juu ya Shakahola uone inafanya kazi gani. Inaanza na Mungu muumba wa mbingu na dunia. Dunia, buda. Udongo, maharagwe, uji, mwili wa mtoto: vyote kazi ya mkono wake. Halafu inasema Mwana wa Mungu alizaliwa na mwanamke, akafa kifo cha kweli, akazikwa kama watu wanavyozikwa. Inasema atarudi kuhukumu, bila kutaja tarehe wala kumwambia mtu afunge hadi afe ili amuwahi njiani. Inafunga kwa ufufuko wa mwili. Mtu aliyeisema hiyo kila Jumapili tangu utotoni, akaielewa, akija kuambiwa kwamba mwili wa mwanawe ni kizuizi cha mbinguni, ana mahali pa kusimama na kusema: hapana, hii si imani yetu. Karne ya 2 kulikuwa na walimu waliofundisha kwamba mwili ni gereza na dunia ni kosa. Kanuni hii ilikua katika ubishi na watu wa aina hiyo. Uzushi wa Shakahola ni mzee kuliko Kiswahili, na majibu yake pia ni ya zamani. Tuliyatupa tu kwa sababu hayana kibodi nyuma yake.

Tena angalia ilitoka wapi. Mizizi ya Imani ya Mitume ni maswali ya ubatizo wa Roma ya kale. Mtu aliingia majini, akaulizwa kuhusu Baba, kuhusu Mwana, kuhusu Roho, akajibu mara tatu kwa mdomo wake mwenyewe: naamini. Mtumwa aliulizwa kilekile alichoulizwa bwana wake. Tangu mwanzo Kanuni iliwekwa mdomoni mwa muumini. Askofu aliuliza, mtumwa akajibu, na jibu likawa mali ya mtumwa. Ndiyo maana ni fupi: ilitengenezwa ibebwe na mtu asiyemiliki kitabu.

Sisi tuliokuwa barabarani Juni 2024 tunapaswa kulielewa hili haraka kuliko mtu yeyote. Tulikuwa tukiwasomea polisi Kifungu cha 37 cha Katiba, usoni, na simu zikirekodi. Hatukuwa mawakili. Wengi wetu hatukuwa na digrii, mimi nikiwemo. Lakini Katiba ya 2010 ilikuwa yetu, tuliijua, na mtu akiijua Katiba huwezi kumwambia tu "nyamaza, mimi ni mkubwa." Nasadiki ni katiba ya muumini wa kawaida. Mama mboga akiwa nayo kichwani anaweza kumkagua askofu. Akiinyimwa, kilichobaki ni kumtazama pasta usoni na kuombea awe mtu mzuri.

Fanya hesabu ya majina yaliyomo. Ukimtoa Yesu, Kanuni ya Imani inataja watu wawili tu: msichana wa kijijini aitwaye Maria na gavana aitwaye Pontio Pilato. Hakuna jina la mtume hata mmoja. Hakuna jina la mfalme. Kanisa limetajwa, pasta hajatajwa. Fungu la kumi halimo, gari halimo, visa ya Canada haimo. Aliyemo ni yule gavana, na yumo kwa sababu mtu asiye na hatia aliuawa chini ya ofisi yake. Hakuna mahakama iliyomshtaki na hakuna tume iliyomhoji, lakini jina lake linasomwa hadharani kila Jumapili, nchi baada ya nchi, kwa karne nyingi sasa. Sisi tunaojua kwa nini majina ya waliopigwa risasi Juni 25 lazima yasemwe kwa sauti, tunawezaje kuita hiyo dini ya kulala?

Kuna wanaosema haya ni mambo ya wazungu. Wacha tuongee ukweli. Ubishi uliowapeleka maaskofu Nikea mwaka 325 ulianzia Aleksandria, Misri. Arius, aliyesema Mwana ni kiumbe, alikuwa kasisi wa mji huo, na mapokeo yanamtaja kuwa mtu wa Libya. Alitunga nyimbo, na inasemekana mabaharia na wasaga nafaka walizibeba mdomoni kama sisi tunavyobeba gengetone. Athanasius, aliyempinga maisha yake yote, alikuwa wakati ule shemasi kijana wa mji uleule. Baadaye, akiwa askofu, ndiye aliyemweka Frumentius kuwa askofu wa Aksum, Ethiopia, karne hiyo hiyo ya 4. Krapf alitia mguu Mombasa mwaka 1844. Hesabu mwenyewe nani alimtangulia nani.

Unataka kujua kilichotoka ng'ambo kikiwa kipya kabisa? "Panda mbegu." Fundisho la mbegu ya imani, kwamba umtumie mhubiri pesa ili Mungu akurudishie zaidi, lilienezwa na Oral Roberts wa Tulsa, Oklahoma, Marekani, katika karne ya 20, kwa redio, runinga na posta. Lina umri wa mzee wa mtaa. Nilipotoka chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, mhubiri mmoja aliniambia tatizo langu ni laana ya ukoo na inavunjwa kwa shilingi 5,000. Ile ndiyo teolojia ya kigeni. Shosho yangu, na Nasadiki yake ya Aleksandria, alikuwa Mwafrika zaidi ya pasta aliyevaa kitenge.

Wengine wenye kusoma kidogo watasema Nikea ilikuwa mradi wa serikali, kwamba Kaizari Constantine aliwaita maaskofu kama rais anavyowaita wazee ikulu. Ni kweli aliwaita. Lakini hadithi haikuishia hapo. Constantine mwenyewe alikuja kuwalegezea kamba watu wa Arius, na alipobatizwa karibu na kufa, mwaka 337, aliyembatiza alikuwa Eusebius wa Nicomedia, rafiki wa Arius. Athanasius alifukuzwa mjini mwake mara tano, chini ya makaizari wanne. Alifichwa na wamonaki wa jangwani na watu wa kawaida. Kama Kanuni ingekuwa ya ikulu, asingehitaji kukimbia.

Mimi naona kwa nini ikulu ingempenda Arius. Kama Kristo ni bwana mdogo chini ya Bwana mkubwa, basi kuna ngazi, na kwenye ngazi daima kuna nafasi ya mtu mwingine: kaizari, gavana, nabii mwenye walinzi. Nikea ilikata ngazi. Ilisema aliyesulubiwa ndiye Mungu kamili, na kwamba kati yake na yule mama wa kufua nguo hakuna mtu wa katikati wa kulipwa. Mwaka 381 huko Constantinople jambo hilo likathibitishwa tena, na Kanuni inayosomwa leo makanisani imechukua umbo la mtaguso huo wa pili. Gregory wa Nyssa alilalamika kwamba katika mji ule ukiuliza bei ya mkate unajibiwa habari za Baba na Mwana. Yeye aliona ni kero. Mimi natamani vibanda vyetu viwe hivyo, japo siku moja ambayo Arsenal hawachezi.

Tulimcheka sana Eliud Wekesa, Yesu wa Tongaren, polisi walipomkamata Mei 2023. Lakini jiulize ulicheka kwa nini. Kwa sababu mahali fulani kichwani mwako kuna Kanuni uliyorithi, inayosema Yesu aliteswa wakati wa Pilato, si Bungoma juzi. Kanuni hiyo ilikulinda bila wewe kujua. Shida ni kwamba tunaitumia kwa mtu maskini mwenye kanzu kijijini, halafu tunaifunga kabatini tukikutana na mwenye suti anayesema ameongea na Mungu saa tisa usiku na Mungu amemtajia kiasi.

Sasa hoja nzito, na siwezi kuipita mbio. Rwanda mwaka 1994 ilikuwa nchi ya Wakristo, Wakatoliki wengi, watu waliosema Nasadiki kila Jumapili. Kule Nyange, Aprili mwaka huo, watu wapatao 1,500 waliokimbilia kanisani walibomolewa jengo juu yao kwa buldoza. Padre wao, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha kifungo cha maisha. Jina lake lilikuwa jina la yule mtetezi wa Nikea. Kanungu, Uganda, Machi 17, 2000, mamia waliteketea ndani ya jengo la kundi lililoanzishwa na Wakatoliki waliojua Kanuni yote. Kwa hiyo Kanuni inasaidia nini?

Haizuii panga. Sijawahi kusema inazuia, na anayekuuzia imani kama chanjo anakudanganya. Lakini tazama tofauti. Kanungu walifika walipofika kwa kuweka maono mapya ya viongozi wao juu ya kile walichopokea. Ilibidi kwanza Kanuni isogezwe kando. Na Seromba tunaweza kumwita msaliti kwa sababu kuna kitu alichokiri mbele ya watu, akakivunja, na kila muumini wa Nyange alikijua. Pale ambapo kanuni ni pasta mwenyewe, pasta hawezi kusaliti chochote. Akisema mle, ni neno. Akisema mfe njaa, ni neno jipya. Kanuni haiui usaliti, ila inaupa jina, na watu wasio na jina la kuita usaliti huwa wanauita upako.

Makanisa makongwe yasianze kupiga makofi. Nyinyi mna dhahabu na mmeifungia chai. Mnaisoma Kanuni kwa mwendo wa matatu ya Umoinner ikiwahi kona kabla ya kanjo, mkimaliza hakuna kijana anayejua amesema nini. Oktoba 2025 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilikutana Wadi El Natrun, Misri, kuadhimisha miaka 1,700 ya Nikea. Novemba, Papa Leo XIV akaenda İznik, Uturuki, ambako ndiko Nikea yenyewe. Hapa mtaani sikuona hata bango. Mabango yaliyokuwepo yalikuwa ya kesha la kuvunja mikosi.

Na miaka mingi mmepokea bahasha za waheshimiwa na kuwapa maikrofoni. Nawapa heshima yenu pale mlipoistahili: Novemba 2024 Rais Ruto alipotoa mchango katika Kanisa Katoliki la Soweto, hapa hapa Eastlands, Jimbo Kuu la Nairobi liliagiza pesa zirudishwe. Machi 2025, alipotoa milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, vijana ndio waliokwenda barabarani Jumapili iliyofuata, wakala vitoa machozi. Walikuwa na hasira na walikuwa na Katiba. Fikiria kama wangekuwa na Nasadiki pia, wakasimama nje ya lango na kuuliza: humu ndani Bwana ni nani?

Maana Kanuni hufanya kazi hiyo ikipata watu wa kuifanya. Afrika Kusini, kanisa la Wareformed la watu waliobaguliwa kwa rangi liliandika ungamo la Belhar mwaka 1982 na kulipitisha rasmi 1986, likikataa wazi fundisho lolote linalohalalisha kwa jina la injili kuwatenga watu kwa rangi. Walisimama juu ya imani ya kale wakaongeza sura ya siku yao. Na kwa Wamasai wa Tanzania, padre Vincent Donovan alichapisha mwaka 1978 kanuni ambayo ndani yake Yesu yuko safarini kila wakati, na akizikwa fisi hawamgusi. Kwa hiyo usiniambie Kanuni ni jiwe la makumbusho. Inaweza kusemwa kwa lugha ya boma, na inaweza kusemwa kwa lugha ya Umoja. Ila lazima kwanza uijue ile ya zamani, kama huwezi kufanya rimiksi ya wimbo ambao hujausikia.

Ninachotaka ni kidogo. Usihame kanisa kwa sababu yangu. Jumapili hii, baada ya ibada, mwendee pasta wako kwa heshima, na umwombe karatasi moja: kanisa hili linaamini nini kuhusu Mungu, kuhusu Yesu, kuhusu mwili wangu, kuhusu mwisho. Aiandike, aitie sahihi, aibandike mlangoni ambapo mgeni ataisoma kabla ya kuketi, na asiibadilishe bila kutuita sote. Akikuuliza unaweza kupata wapi mfano, mwambie upo, una karibu miaka 1,700, na ulipiganiwa na Mwafrika.

Na akisema Roho hafungiwi kwenye karatasi, muulize mbona nambari ya paybill iko ukutani.